Watu wa Upinde

Katika Soko la Wamasai, hapa Arusha mjini, mkuki una heshima yake. Umetengenezwa kwa vipande vitatu vinavyofunguka ili uingie kwenye begi la mtalii, na kabla hujauliza bei utakuwa umeshaelezwa habari za moran na simba. Upinde huning'inia nyuma ya mashuka, pamoja na mishale mitatu iliyofungwa kwa uzi. Nilipomuuliza kijana mmoja muuzaji kama ule ni upinde wa watu gani, alicheka. "Huo wa kuchezea watoto, dada. Au wa Wahadzabe."

Watoto na Wahadzabe, kwa pumzi moja. Jibu lile lilinikera, kisha likanifaa. Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika historia, juu ya silaha na vita kuuzunguka Mlima Meru kabla ya Wajerumani. Nilikuwa na kurasa arobaini kuhusu mkuki. Kuhusu upinde nilikuwa na mbili.

Hebu tazama nembo za nchi zetu. Ya Tanzania ina mkuki kwenye ngao. Simba wa Kenya wameshika mikuki. Uganda wana ngao na mikuki miwili. Upinde haumo hata kwenye moja. Na hatuwezi kusema ni silaha iliyokufa zamani, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi kwa Wasukuma na Wanyamwezi, sungusungu walijulikana nchi nzima kwa upinde na mshale wa sumu. Baba yangu bado anawataja kwa sauti ya chini, kana kwamba wako nje ya dirisha.

Mimi nina sababu nyingine ya kuufuatilia upinde. Bibi mzaa mama alizaliwa katika familia ambayo majirani waliiita "watu wa msituni". Masimulizi ya Wameru yanasema kwamba walipofika kwenye mlima huu waliwakuta wawindaji, Wakoningo, wakiishi kwenye msitu wa juu. Thomas Spear, aliyeandika kitabu juu ya Waarusha na Wameru mwaka 1997, anawataja pia. Walileta asali na nyama, wakachukua mazao ya shamba, wakaoana na wakulima, taratibu wakamezwa. Sijawahi kukutana na mtu anayejiita Mkoningo. Nimekutana na watu wengi wanaosema kwamba jirani yao ana asili hiyo.

Mwezi wa tatu mjomba alinipigia simu. Binti yake alikuwa ameposwa na ukoo wenye ng'ombe wengi upande wa Monduli, na washenga walikuwa wameshafika mara moja. Mama alimdokeza kwamba naandika juu ya asili yetu. "Mama," aliniambia, kwa upole anaoutumia akiwa na wasiwasi, "andika vita, andika Wajerumani. Hayo ya msituni yaache kwanza, mpaka harusi ipite." Mjomba ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita. Nilimjibu, "Sawa, mjomba, nimekusikia," jibu ambalo kwetu linaweza kumaanisha mambo mengi.

Hofu yake ina historia. Neno Ndorobo, ambalo Waswahili tulilichukua kwa Wamasai, asili yake kwa Kimaa ni mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Kwa wafugaji, mtu anayekula kwa mshale ni mtu aliyeshindwa kuwa na mifugo. Si kwamba Wamasai na Waarusha hawana upinde. Wanao, lakini una kazi zake. Upo ule mdogo wa kutoa damu ya ng'ombe: kamba hufungwa shingoni mwa ng'ombe mpaka mshipa uvimbe, kisha hupigwa mshale mfupi wenye kizuizi karibu na ncha ili usizame. Damu hukingwa kwenye kibuyu, jeraha huzibwa, ng'ombe hurudi malishoni. Upo pia ule wa vijana waliotoka jandoni, ambao hupiga ndege kwa mishale butu na kujipamba kwa manyoya yao kichwani. Siku kijana anapokuwa moran, anashika mkuki. Upinde anauacha nyuma pamoja na utoto wake. Kwa hiyo kijana wa sokoni hakuropoka. Alinieleza kwa sentensi mbili kile ambacho jamii nzima imekiamini kwa vizazi. Wameru nao, waliochukua mengi kutoka kwa majirani zao, mpangilio wa marika ukiwemo, waliuchukua na mtazamo huo.

Lakini dharau haizuii mshale. Ndani ya mkoa huuhuu wa Arusha, huko Loliondo, wako Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi. Ni wakulima wa mifereji ya umwagiliaji na wafugaji wa mbuzi, wachache, wamezungukwa na Wamasai pande zote. Kwa hesabu ya kawaida walipaswa kuwa wametoweka. Robert Gray, mwanaanthropolojia aliyeandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1963, anaeleza vijiji vilivyozungushiwa vichaka vizito vya miiba, vyenye malango ya magogo. Nyuma ya miiba hiyo walisimama wanaume wenye pinde na mishale ya sumu.

Fikiria hali ya moran mbele ya ukuta huo. Uwanjani yeye ni hatari kuliko mtu yeyote: ana ngao ya ngozi ya nyati, ana mkuki, ana wenzake wa rika moja ambao amekula nao na kulala nao kwa miaka. Mkuki wake unahitaji amfikie adui, au amkaribie kwa hatua chache autupe. Miiba imemzuia palepale ambapo mshale unafika na mkuki haufiki. Ngao inamfunika kifua, lakini sumu haichagui mahali. Mkwaruzo wa pajani unatosha. Ushujaa wake wote haumsaidii kitu hapo, na nadhani hilo ndilo lililowaudhi wenye mikuki kuliko vifo vyenyewe. Upinde unamruhusu mtu mfupi, maskini, asiye na rika la kumsifu, kumwangusha shujaa bila hata kumtazama usoni.

Msimamizi wangu, aliposoma aya hiyo, aliniandikia pembeni: soma Agincourt. Nikasoma.

Tarehe 25 Oktoba 1415, kaskazini mwa Ufaransa, jeshi la Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza lilikuwa limechoka, lina njaa na linaharisha. Wengi wao walikuwa wapiga upinde, watu wa kawaida waliolipwa mshahara. Mbele yao walisimama makabaila wa Ufaransa waliovaa chuma kutoka utosini hadi unyayoni. Shamba lilikuwa limelimwa karibuni na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Waingereza walichomeka vigingi vilivyochongwa, ncha zikiwaelekea farasi, wakasimama nyuma yake na kuanza kufuma. Farasi waliojeruhiwa waligeuka na kuwakanyaga watu wao. Waliokuja kwa miguu walikwama kwenye tope, wa nyuma wakawasukuma wa mbele, wakaangukiana. Mwishowe wapiga upinde waliweka pinde chini wakawaendea kwa nyundo, shoka na visu.

Niliposoma habari ya vigingi niliona miiba ya Wasonjo. Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni habari ya fidia. Katika vita vya Ulaya vya karne zile, kabaila akikamatwa hakuuawa, maana ndugu zake wangelipa fedha nyingi kumkomboa. Mpiga upinde hakuwa na thamani hiyo. Akikamatwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwacha hai. Waandishi wa nyakati zile wanasimulia kwamba kabla ya pambano Henry aliwaambia watu wake kuwa Wafaransa wameapa kumkata vidole vitatu vya mkono wa kulia kila mpiga upinde watakayemshika. Iwe kweli au maneno ya kutia hasira, angalia adhabu yenyewe: si kifo cha heshima, ni kuharibiwa chombo cha kazi, kama unavyovunja jembe la mtu.

Waingereza walijua kwamba chombo hicho hakipatikani dukani. Mwaka 1363 Mfalme Edward wa Tatu aliamuru wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu, akapiga marufuku michezo ya kupoteza muda, kandanda ikiwemo. (Jaribu amri hiyo Arusha siku ya Simba na Yanga.) Sababu yake inaonekana kwenye meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Ndani yake zilikutwa pinde zaidi ya 130 na maelfu ya mishale. Waliopima pinde hizo wanakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya kati ya kilo 45 na 80 hivi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Sasa uvute mfuko huo kwa vidole vitatu mpaka sikioni, uuachie, urudie mara kumi kwa dakika. Mtu hajifunzi hilo ukubwani. Anaanza mtoto, na mifupa yake inakua ikiufuata upinde.

Nilipata kulijua hilo kwa mkono wangu mwaka jana, nilipokwenda Ziwa Eyasi kama mkalimani wa wanafunzi wa kigeni. Wahadzabe wamezoea wageni. Asubuhi wanawinda, saa nne wanawaruhusu wageni wajaribu kufuma kwenye kisiki. Upinde wa mtu mzima pale unahitaji kadiri ya kilo 30 kuuvuta. Ugwe wake ni wa kano za mnyama. Nilishika, nikavuta, ukafika nusu, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Pembeni yangu kulikuwa na mtoto wa miaka kama minne akiwa na upinde wake mdogo, amekazana kufuma gunzi la hindi, na alilipata mara mbili nikimtazama. Wavulana wa Kihadzabe hupewa upinde wa kwanza wakiwa na miaka mitatu hivi. Mzee aliyenipa upinde alinipokonya bila maneno, akaupindua kidogo, akauvuta mpaka mwisho huku akizungumza na mtu mwingine.

Wale wanaoitwa Waata, au Waliangulu, wa nyika ya Tsavo kule Kenya, walikuwa na pinde nzito zaidi, zenye kupita kilo 45, za kuwindia tembo. Ni upinde uleule wa Agincourt kwa nguvu. Tofauti ni kwamba Mwingereza alipewa Agincourt na vitabu vyote vilivyofuata, na Mwaata katikati ya miaka ya 1950 alipewa kesi ya ujangili.

Bibi anaishi juu ya Nkoaranga, karibu na mpaka wa msitu. Nilikwenda kwake mwezi wa tano, mvua ikinyesha, nikiwa nimebeba sukari na maswali. Yale ya mjomba sikumweleza. Nilimuuliza tu kama anaufahamu mti unaotumika kwa sumu ya mishale.

"Msunguti," alisema. "Twende nikuonyeshe."

Ulikuwa kwenye ua wa jirani. Majani mazito yanayong'aa, maua madogo meupe yenye wekundu kwa mbali, harufu tamu kama asumini. Nimepita hapo tangu utoto. Bibi alinipiga mkono nilipotaka kulichuma tawi. Akaanza kusimulia bila kuombwa: baba yake alichemsha vipande vya mti ule siku nzima, mbali na nyumba, mpaka vikatoa kitu cheusi kizito kama lami. Chembe za mishale zikipakwa, zilifungwa kwa ngozi laini ili sumu isikauke na ili mtu asijidhuru. Podo lilitundikwa juu kabisa darini. Mtoto aliyeligusa alichapwa, na aliyechapwa alikuwa yeye.

Wanasayansi wanaijua sumu hiyo kwa jina uabaini, kutokana na neno la Kisomali. Mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga mwaka 1888, na baadaye madaktari wa Ulaya waliitumia kama dawa ya moyo. Kidogo huusaidia moyo, zaidi ya hapo huusimamisha. Wamasai wanauita mti huo olmorijoi. Bibi alisikiliza habari za Ulaya kwa adabu, kisha akaendelea na zake.

Babu yake, alisema, alikuwa akiitwa wakati wa vita na majirani. Vita gani, na nani, hakumbuki, na mimi sikumlazimisha. Wenye mikuki walisimama barabarani, mahali pa kuonekana. Watu wa msituni waliwekwa kwenye kingo za migomba, gizani, na wakaambiwa wasitoke. Vita vilipokwisha na ng'ombe wakapatikana, ng'ombe waligawanywa kwa wenye mikuki. Babu yake alirudi na mbuzi mmoja.

"Mmoja?"

"Mmoja. Na alikuwa mzee, huyo mbuzi."

Katika kurasa zangu arobaini nilikuwa nimeandika sana juu ya Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, walipouawa Akeri, na Kapteni Johannes akaja kulipiza kisasi akiwa na bunduki na Wachaga waliomuunga mkono. Nyumba na migomba iliharibiwa, ng'ombe wakachukuliwa. Miaka michache baadaye Wameru na Waarusha walijengeshwa boma la Wajerumani mjini, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Bunduki ilimaliza ubishi wa mkuki na upinde kwa siku chache. Lakini ubishi ulibaki kwenye posa.

Pwani nako hadithi ni hiyohiyo. Agosti 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliishambulia na kuichoma Mombasa. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwenye meli zao, aliandika kwamba mji ulikuwa na wapiga upinde zaidi ya 500, na kwamba walikuwa watumwa weusi wa mabwana wa mji. Anaeleza mishale yao: mingine ina ncha za chuma, mingine ni ya mti uliochomwa na kutiwa sumu isiyojulikana, na wengine walisema kwamba mti wenyewe ndio sumu. Niliposoma hapo nilisimama, nikatembea chumbani. Mti wenyewe ndio sumu. Sina uthibitisho kwamba ulikuwa msunguti, na sikuandika hivyo kwenye tasnifu. Hapa naruhusiwa kusema kwamba niliusikia mkono wa bibi ukinipiga. Watu wale 500 waliulinda mji ambao haukuwa wao, na tunalolijua juu yao ni idadi, mishale na hali ya utumwa. Mfalme wa Mombasa anatajwa. Mwana wa kabaila wa Kireno aliyepigwa mshale anatajwa.

Nilitafuta mpiga upinde mmoja mwenye jina, nikampata mahali ambapo kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili angeanzia: Fumo Liyongo. Muhammad Kijuma wa Lamu aliutunga utenzi wake mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani mno. Tunapofundishwa shuleni, Liyongo ni shujaa, mshairi, mtu wa miraba minne. Hatuambiwi sana kwamba alipomkimbia sultani alikimbilia msituni, kwa Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa upinde. Walipohongwa wamuue, walipanga kila mtu apande mkoma kwa zamu na kuchuma, ili zamu yake ikifika wamfume akiwa juu. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale. Na alipochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, alikwenda na upinde wake mpaka kisimani, akapiga goti, akaweka mshale tayari, akafa hivyo. Watu wa mji walikaa bila maji kwa siku kadhaa, wakimwogopa maiti. Ningependa mwalimu wangu wa kidato cha tano angetuuliza Liyongo alijifunza wapi kufuma vile. Mwana wa mfalme alikula na watu wa msituni.

Sura ya tatu ya tasnifu ilikamilika mwezi wa nane. Nilifanya kama mjomba alivyoomba, kwa namna. Habari ya kingo za migomba imo, mbuzi yumo, ila ukoo sikuutaja. Niliandika "mzee mmoja kutoka miteremko ya kusini-mashariki". Kitaaluma haina ubaya, watu hufichwa majina kwenye utafiti kila siku.

Nikaenda kumsomea bibi, nikifasiri aya kwa aya kutoka Kiingereza. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Huyo mzee mmoja ni babu yangu?"

"Ndiye, bibi."

"Na hao Waingereza uliowataja, walioandikwa majina, walipata mbuzi wangapi?"

Nilimweleza habari za fidia, za makabaila waliouzwa kwa ndugu zao. Akatikisa kichwa, akatupa jiwe dogo nje ya ungo. Kisha akanitajia jina la babu yake, na la baba yake babu yake, taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake namba ya simu, akangoja mpaka nikayaandika yote mawili pembeni mwa ukurasa. Mjomba anakuja Jumamosi na washenga. Rasimu inatakiwa kwa msimamizi Ijumaa.